Nyumba ya Mama Section 58: tulikusudia rangi, tukaishia kuchimbua maua

#1 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Wadau, habari zenu. Miaka mingi nimekuwa nikisoma tu humu bila kuchangia hata neno, leo nalipa deni. Uzi ni mrefu, leta chai kabisa.

Nyumba yenyewe iko Section 58, hapa Nakuru. Baba alikuwa mtu wa reli. Aliijenga 1974, miaka mitatu kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika na kila nchi kubaki na mabehewa yake. Kuta za mawe, paa la mabati, vyumba vitatu, sebule, jiko ambalo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, na kibaraza cha mbele ambapo Mama hukaa kuanzia saa tisa akingoja mgeni au gazeti, chochote kitakachotangulia. Mzee alishatutoka. Sisi watoto tuko wanne, mimi wa tatu.

Desemba tulipokutana, mjukuu mmoja, ule umri wa kusema kila kitu, akatangaza mbele ya watu kwamba kwa Nyanya kunanuka kama ndani ya sanduku. Mama alicheka. Lakini usiku nilipoamka nikamkuta amefungua madirisha yote, na mnajua baridi ya huku haina utani.

Basi tukachanga. Mpango ulikuwa mdogo: rangi nyumba nzima, vigae sebuleni, kabati mpya jikoni. Mwezi mmoja tumemaliza.

Hebu niwaambie kilichotokea.

Chumba cha Mama, ukuta wa nje, rangi ilikuwa imevimba kuanzia sakafuni hadi kama futi tatu. Ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe kama chumvi. Fundi wa kwanza akautazama kwa dakika moja, akasema ni uzee wa ukuta. Akabandua plasta ya zamani, akapiga plasta mpya ya simiti iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji, akalainisha, akapaka rangi mikono miwili. Shilingi 23,000. Ukuta uling'aa, Mama akaturudishia hata pazia la harusi.

Wiki sita. Mvua kubwa ya Machi iliposhuka, ukuta ukatoka jasho upya, na safari hii ulipanda hadi futi nne. Nikampigia fundi, simu yake ikawa na shughuli nyingi.

Aliyetuokoa ni mzee wa jirani, fundi mawe mstaafu, aliyekuja zake kunywa chai. Huyu hakuingia hata chumbani. Alizunguka nje, akainama, akaanza kutafuta kitu chini ya ukuta kama mtu aliyeangusha funguo. Akauliza, "DPC ya baba yenu iko wapi?"

Kwa wasiojua: ni ile karatasi nyeusi ya lami inayolazwa kati ya msingi na ukuta ili unyevu wa ardhi usipande. Baba aliiweka, tena vizuri. Ila ilikuwa imefukiwa. Mbele yake palikuwa na bustani ya maua ya Mama: mawaridi, malili, shubiri, na kila mwaka kwa zaidi ya miaka arobaini ameongeza mbolea, jivu na majani. Udongo ulikuwa umeipita ile karatasi kwa zaidi ya futi moja. Juu yake, gata ya upande huo ilianguka zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo nusu ya maji ya paa yalikuwa yakimwagiliwa hapo hapo.

Ndiyo kusema ukuta haukuwa mgonjwa. Ulikuwa unakunywa. Na ile plasta ya simiti tuliyolipia ilifunga mdomo wa chini, maji yakatafuta pa kutokea juu zaidi.

Naendelea jioni, naitwa.

#2 VigaeDaima

Ndugu, pole, lakini unajichosha. Piga vigae ukuta wote hadi futi tano, unyevu hutauona tena maishani. Mimi kwangu Naka nilifanya hivyo, miaka minne sasa safi.

#3 MchwaHanaAdabu

Kutouona si kwamba haupo. Gonga hivyo vigae kwa funguo, ukisikia mlio wa mtungi mtupu uje utusimulie.

Mwenye uzi, endelea. Nina nyumba ya marehemu baba Kakamega, inanisubiri na ile sura.

#4 VigaeDaima

Nimegonga. Viwili vinalia. Tuendelee na mada.

#5 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Nimerudi.

Kumwambia Mama tuchimbue maua kulikuwa kugumu kuliko kutafuta hela. Waridi la kona lilipandwa na Mzee mwaka aliostaafu. Kaka mkubwa akaona atumie ubabe, akaja Jumamosi na vijana wawili wenye majembe. Mama akatoa kiti kibarazani akakiweka katikati ya bustani, akakalia, akafungua Biblia. Vijana wakanywa chai wakalipwa nusu siku wakaenda.

Dada yetu wa kwanza ndiye alijua la kufanya. Alimpeleka Mama chumbani, akamwekea kiganja ukutani, hakusema neno. Jumatatu yake Mama mwenyewe alikuwa nje na glavu, akitoa amri ni ua lipi litoke kwanza na mizizi ishikwe vipi. Tulichimba upana wa futi tatu kandokando ya ukuta, tukashusha udongo hadi inchi sita chini ya ile karatasi, tukamwaga kokoto, tukatengeneza mwinamo maji yaende zake, na gata mpya pande zote. Jumla 68,000. Ndiyo pesa iliyoniuma kutoa na ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Hakuna mgeni atakayeingia aisifu kokoto.

Kisha ule mzee akatuambia jambo ambalo hatukulipenda: bandueni plasta mpya yote, uacheni ukuta uchi. Kwa muda gani? Akasema hesabu ya mafundi wa zamani ni mwezi kwa kila inchi ya unene. Ukuta wa mawe wa inchi tisa, wadau. Jamani. Mama akahamia chumba cha wageni, sisi tukaanza mengine.

#6 DadaWaMilimani

Niko Kisumu, nyumba ya kina mume wangu, nayo ya miaka hiyo hiyo. Sisi shida ni udongo mweusi wa pamba. Kiangazi nyufa zinafunguka unaweza kuingiza sarafu, mvua ikija zinafumba, na mlango wa bafu unagoma kufunga Aprili hadi Juni. Kila fundi anataka kuzijaza simiti. Tumejaza mara tatu.

#7 MchwaHanaAdabu

Dadangu, ule ufa unapumua, ukiujaza kitu kigumu utapasuka kando yake. Udongo huo hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo cha kupigania ni msingi usipate leo mafuriko kesho jangwa. Maji ya paa yapelekwe mbali, miti mikubwa isiwe karibu na ukuta, pembeni pawe na simiti pana. Ndani jaza kitu kinachonyumbuka, ile gamu ya kupaka rangi juu. Ila kama ufa umekwenda kama ngazi kupitia mawe na unaongezeka upana kila mwaka, hapo achana na sisi wa mtandaoni, lete mhandisi aje kwa miguu yake.

#8 WayaTatu

Mwenye uzi hujasema kuhusu stima. Nyumba ya 1974 ikiguswa rangi bila kuguswa waya mimi huwa silali.

#9 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Nilikuwa nakuja hapo, na ni aibu.

Boksi la fyuzi lilikuwa lile la kauri nyeupe, Mzee alilolifunga mwenyewe. Fundi wa stima alipochomoa fyuzi ya taa, badala ya ule uzi mwembamba unaotakiwa ukatike, akakuta waya mnene umesokotwa. Mmoja wetu wanne alifanya hivyo siku stima ilipokuwa ikizimika zimika. Hakuna aliyekiri hadi leo, lakini kaka mkubwa aliondoka haraka kidogo.

Soketi sebuleni zilikuwa za matundu ya duara, mbili tu, na kutoka hapo ziliota nyaya za kuunganisha kama mizizi ya mtama: friji, televisheni, pasi, simu nne. Bafuni, yule aliyefunga shawa ya maji moto ya papo kwa papo aliivuta kutoka kwenye laini ya taa. Fundi alifungua dari akatuonyesha plastiki ya waya imekuwa kahawia, ukiikunja inavunjika kama biskuti.

Tumevuta upya nyumba nzima. 112,000, vifaa 71,000 na kazi 41,000. Tuliamua kufanya hilo kabla ya plasta na rangi, angalau hapo tulipata akili mapema.

#10 WayaTatu

Acha nifanye hesabu hadharani labda itaokoa mtu. Shawa ya wati 5,500, gawanya kwa volti 240, unapata karibu ampea 23. Laini ya taa huwa waya wa 1.5 (unene kwa milimita mraba), haukutengenezwa kubeba hiyo. Hautalipuka leo. Utapata joto kila asubuhi ukioga, miaka kumi, hadi siku yake. Shawa ipewe laini yake peke yake, waya wa 6, swichi yake ya kukatia, na kifaa cha kukata stima inapovuja kwenda ardhini.

Pia nyumba za zamani waya ni mwekundu na mweusi, za sasa ni kahawia na bluu. Ukichanganya mpya na za zamani, weka alama, fundi wa kesho asibahatishe. Na ulizeni leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Fundi mwenye nayo hakasiriki ukiuliza.

Umefunga ethi (njia ya stima inayovuja kwenda ardhini) ya kweli au ni ile nondo fupi ya maonyesho?

#11 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Ya kweli, na amepima mbele yangu. Nilipiga hata picha ya kipimo, sijui kusoma lakini nilipiga.

Maji nitayapita haraka. Mabomba yalikuwa ya chuma, nusu inchi. Tulipokata moja, tundu lililobaki katikati ya kutu lilikuwa la kupitisha penseli. Mama alikuwa akijaza ndoo dakika kumi na kuamini ni kampuni ya maji inabana. Tumeweka ya plastiki, PPR, yale ya kuunganishwa kwa moto, 58,500 pamoja na tangi dogo. Mwambieni fundi asizike kiungo chochote kabla ya kukijaza maji kwa nguvu na kukiacha usiku kucha. Kwetu kimoja kilivuja usiku huo, bafuni, na tulishukuru kwamba ukuta bado ulikuwa wazi.

Lakini kuna kitu kimoja cha maji ambacho ni cha sisi watu wa Nakuru. Maji ya visima vya huku yana madini mengi ya floraidi kwa sababu ya mawe ya volkano, ndiyo maana wengi wetu tuliozaliwa hapa tuna meno ya kahawia. Mama huyaita kitambulisho. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua nayo inabaki. Kuna vichujio vya makaa ya mifupa vinavyotumika huku na vinafanya kazi, ila tulipoona gata mpya tumeshazilipia, tukaweka tangi la mvua na bomba la tatu juu ya sinki la jikoni. Mvua haina hiyo floraidi ya chini. Wajukuu wakija, ya kunywa na uji inatoka hapo, baada ya kuchemshwa. Maji ya kwanza ya kila mvua tunayaacha yaoshe paa.

#12 DadaWaMilimani

Hilo la kuvuna mvua limenigusa. Paa letu ni yale mabati ya kijivu mazito ya mawimbi, yanayovunjika kama sahani. Nimeambiwa ni asbesto. Fundi mmoja amesema atayashusha kwa siku mbili na mabaki atayatupa mwenyewe, bei nzuri.

#13 MchwaHanaAdabu

Mkataze leo hii, kabla hujalala.

Likiwa zima na limetulia, halina haraka ya kukuua. Hatari ni kulikata, kulitoboa, kulivunja, kulisugua, maana nyuzi zake hazionekani na zikiingia kwenye mapafu hazitoki, ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka thelathini. Kanuni za taka za 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, haiendi dampo la kawaida wala kufukiwa nyuma ya choo. Nenda ofisi ya NEMA (mamlaka ya mazingira) ya kaunti uulize utaratibu na walio na leseni ya kubeba. Linashushwa likiwa limeloweshwa, zima zima, linafungwa kwa plastiki nene.

Na maji ya paa hilo usivune kwanza.

#14 DadaWaMilimani

Asante kaka. Mume wangu alikuwa ameshapanga kutengenezea banda la kuku vipande. Nimemsomea hii. Amekaa kimya.

#15 VigaeDaima

Sasa tufike sebuleni. Vigae umeweka vya ukubwa gani?

#16 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Hahaha, nilijua utarudi.

Sebule ilikuwa na zulia la ukutani hadi ukutani, lililowekwa miaka ya tisini wakati kila mtu alikuwa akiweka. Chini yake kapeti ya plastiki ya mauamaua. Tulitoa vyote ili kupima vigae, na chini kabisa, chini ya gundi nyeusi, dada akasugua kwa kisigino akaita, "Njooni muone!"

Sakafu nyekundu. Ile ya simiti iliyokorogwa na rangi ya oksaidi, iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma hadi ikawa kama ngozi. Kaka mkubwa, ambaye alikuja na kitabu cha sampuli za vigae mkononi, akavua viatu.

Walio na umri wetu wanajua. Jumamosi asubuhi, polishi nyekundu inapakwa kwa kitambaa, halafu kila mtoto anapewa kipande cha blanketi kuukuu chini ya miguu, mnateleza kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka mnajiona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi na ndiyo ilikuwa mchezo. Mimi nina kovu la kidevu la sakafu hiyo.

Ugomvi ukawa mkubwa. Mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa zulia likiwa karibu kuingia, hana kumbukumbu hiyo, yeye alitaka vigae na sababu zake hazikuwa za kipumbavu: ni rahisi kupiga deki, havihitaji polishi, na nyumba ikija kupangishwa vina bei. Mimi nikasema vigae vyenye kung'aa na mama wa miaka 79 mwenye goti bovu ni mkataba wa hospitali. Akasema polishi nayo inateleza. Kweli. Tulibishana siku mbili kwenye kikundi cha familia hadi Mama akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Sakafu ni ya kwangu."

Tulivyofanya, kwa anayetaka kujaribu: gundi tulilainisha kwa mafuta taa kidogo kidogo, madirisha wazi na jiko limezimwa, tukakwangua kwa patasi pana, tukaosha kwa maji moto na sabuni ya unga mara nne. Kuna mahali palipasuka na mahali palipochimbwa kupitisha bomba. Hapo tulijaza simiti na mchanga laini wenye oksaidi nyekundu. Oksaidi isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa simiti, ukizidisha inadhoofisha. Usitarajie rangi ilingane. Haikulingana. Tulijaribu vibao vitano vya majaribio, tukakausha juani, bado viraka vinaonekana, vyekundu vya ujana katikati ya wekundu wa mzee.

Mama amekataa tuvifiche kwa mkeka. Kimoja, karibu na dirisha, anasema ndipo palipokuwa redio ya Baba.

Polishi tunaweka nyembamba sana na kuifuta hadi ikauke kabisa, isiteleze. Njia anayopita Mama kwenda bafuni haipakwi chochote. Bafuni tu ndiko tumeweka vigae, vya uso wa kukwaruza, na chuma cha kushikia ukutani. Sakafu nzima 19,000. Vigae vya sebule pekee tulikadiriwa zaidi ya mara nne ya hiyo.

#17 VigaeDaima

Sawa. Nimetoka hapa nimekwenda kuinua kona ya kapeti kwa mama mkwe, Bondeni. Ni nyekundu. Sijamwambia mtu.

#18 WayaTatu

😂😂 Karibu upande wa pili.

#19 MchwaHanaAdabu

Tahadhari moja kwa wanaoinua: mkikuta chini si kapeti ya kukunjika bali vipande vigumu vya mraba vya plastiki vya zamani, baadhi ya vile vilitengenezwa na asbesto. Visisagwe wala kupigwa msasa.

Mwenye uzi, milango na mbao je? Kwetu mchwa wamekula fremu kutoka ndani, nje rangi imebaki imesimama kama bahasha.

#20 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Milango ya mbele na nyuma ni mvule, mizito, tumeikwangua na kuipa vanishi tu. Vyumbani ni ile myepesi, miwili imebadilishwa. Mchwa hatuna wengi huku juu. Kwenu wapulizie dawa udongoni kwanza kabla ya fremu mpya, la sivyo unawapikia chakula kingine. Watu hupaka oili chafu ya gari. Inanuka mwaka mzima ndani ya nyumba na mvua ikiisha nguvu yake imeisha, mimi sipendi.

Rangi ilikuwa na mtego wake. Nyumba zetu zilipakwa nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta, kijani au krimu, ili alama za mikono ya watoto zifutike. Ukipaka rangi ya maji juu ya ile moja kwa moja, baada ya miezi inabanduka kama ngozi ya viazi. Lazima ikwaruzwe ipoteze mng'ao, kisha rangi ya msingi inayoshika, ndipo ya juu. Na kwa kuwa rangi za zamani zilikuwa na risasi, tulisugua kwa msasa wa maji, si mkavu, wajukuu hawakuruhusiwa kuja wiki hizo, na vumbi lilifutwa kwa kitambaa chenye maji, halikufagiliwa. Unaponunua mpya uliza kama imetimiza kiwango cha sehemu 90 za risasi kwa milioni. Muuzaji wa kwanza alinitazama kama namuuliza mahari. Rangi yote 61,000, tukiacha chumba cha Mama.

#21 DadaWaMilimani

Na jiko? Sisi wanawake tunasubiri jiko na nyinyi mko kwenye oksaidi.

#22 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Kweli dada, samahani.

Tulivunja ukuta mdogo wa stoo, usiobeba kitu (aliuthibitisha fundi mawe, siyo sisi), jiko likapanuka. Kabati, meza ya kupikia, sinki la mashimo mawili, 134,000. Seremala alileta meza ya urefu wa kawaida, sentimita 90. Mama akasimama mbele yake, kisu mkononi, mabega yakapanda hadi masikioni. Ni mfupi na miaka imemfupisha. Ikarudishwa ikakatwa hadi 82. Kaka akalalamika kwamba yeye atainama. Aliulizwa anapika siku gani.

Tulichokosea ni matundu ya hewa juu ya dirisha. Fundi rangi aliyaziba yote kwa plasta, "kuzuia baridi, kuzuia mbu," na ukuta ukapendeza. Lakini Mama hata ukimpa gesi ya vichomeo vinne, chapati anazipika kwa makaa. Moshi wa makaa unaouona si ule unaoua, unaoua hauna rangi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa unakulaza tu. Tuliyachokonoa yote upya siku ya pili na kuyawekea wavu wa mbu kwa ndani.

#23 DadaWaMilimani

Sisi tuliyaziba miaka ya nyuma kwa ajili ya mbu na wadudu wa ziwani. Ndiyo maana hili joto halitoki usiku! Wavu nautafuta kesho soko la Kibuye.

#24 VigaeDaima

Novemba hii. Uzi umelala miezi minne. Mwenye uzi, ule ukuta?

#25 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Nipo, nipo.

Ulikaa uchi Aprili yote hadi mwanzo wa mwezi huu, miezi saba. Mvua za Agosti zilipita juu yake, tukawa tunakwenda kuushika kila Jumapili baada ya ibada kama watu wanaotembelea mgonjwa. Mzee wa jirani alibandika kipande cha plastiki kwa gundi pande zote nne, akakiacha siku mbili. Mara ya kwanza kilijaa matone. Mwezi wa tisa, ukungu kidogo. Wiki iliyopita, kikavu. Alisema tungeweza kungoja zaidi, ila Mama amechoka kulala chumba cha wageni, na ninyi mnamjua sasa.

Tumepiga plasta ya chokaa na mchanga, simiti kidogo mno, ili unyevu uliobaki ndani upate pa kutokea, na rangi ya maji tupu juu, isiyo na mng'ao. Mvua za vuli zimeshapiga wiki mbili. Kukavu. Sijasherehekea, nimeumwa na nyoka mara moja.

Jumla yote, pamoja na zile 23,000 za kumwaga, ni 475,500. Tulikuwa tumechanga 300,000. Salio ni hadithi ya familia, si ya hapa.

#26 MchwaHanaAdabu

Na maua?

#27 MtotoWaReli (mwenye uzi)

Tulipotoa beseni la kuogea la chuma, lile zito la miguu minne, mnunuzi wa vyuma chakavu alitoa bei ya kudharau. Mama akasema liletwe uani, mbali na ukuta, litobolewe chini. Waridi la Mzee limo humo. Lilikataa majani Mei na Juni, nikadhani tumeliua, dada akawa hataki hata kupita upande huo. Sasa lina machipukizi matano, na jana Mama alikuwa akihesabu la sita.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Madirisha ya chuma hatukubadilisha, tuliyakwangua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu na kutia puti mpya, na yanafunga vizuri. Ila komeo za shaba, zile za mkono wa kupinda, tatu hazipo, na hadwea zote za mjini zina za aluminiamu tu. Anayebomoa nyumba ya zamani au anayejua wanakouza, aniandikie. Tatu tu, za upande wa kushoto.